Kitufe cha Tatu

Shemeji mtu alikuwa ameshalipenda lile gari kabla hata ya kulizunguka, na jambo hilo lilimkera Inspekta kuliko kitu kingine chochote asubuhi ile. Ndiyo kwanza walikuwa wameingia getini kwenye yadi ya magari, na tayari huyu mdogo wa mumewe alikuwa kasimama mbele ya ile sedani nyeusi, mikono nyuma, meno yote nje. Mtu akiingia dukani na sura kama ile, muuzaji hana haja ya kusema kitu.

“Funga mdomo, shemeji,” Inspekta alimnong'oneza. “Ukicheka tena, bei inapanda.”

“Lakini si uliangalie.”

“Naliangalia.”

Na kweli alikuwa akiliangalia, ila si kwa mapenzi. Shemeji yake alikuwa amehangaika muda mrefu akitafuta gari la kifahari lililotumika, moja ambalo mwenzake alishalichoka, ili yeye apate heshima barabarani bila kuuza shamba. Kwa hiyo Inspekta alipompigia simu jana na kumwambia ameliona moja zuri, waende wakalikague pamoja, jamaa hakulala. Alifurahi kwamba shemeji yake askari atamlinda na matapeli. Kitu ambacho Inspekta hakumwambia ni kwamba gari lenyewe lilikuwa limeua mtu.

Jioni moja ya mwezi uliopita, sedani hii ilimgonga fundi cherehani aliyekuwa anavuka barabara kwenda kwake, ikamuua palepale, kisha ikajibamiza kwenye ukuta wa ghala. Askari wa barabarani walipofika, walimkuta dereva amesimama kando ya mlango wake, mwanamume mnene ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge, akiwa ameshamfunika marehemu kwa koti lake mwenyewe. Alisema ni yeye aliyegonga. Alisema hivyo barabarani, akasema hivyo kituoni, akasema hivyo mbele ya hakimu bila kubadilisha hata neno. Mtu akikiri namna hiyo, faili hujifunga lenyewe. Hakuna aliyejisumbua kulipima gari. Lilirudishwa kwa mwenyewe, tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi ambaye Bonge alimwendesha miaka nenda miaka rudi, naye tajiri akalipeleka kwa mafundi na kulileta hapa kabla udongo wa kaburi haujakauka. Leo mchana hakimu angesoma adhabu, na Bonge angeondoka mahakamani kwa gari la magereza.

Faili lingebaki limefungwa kama si binti wa Bonge. Binti huyu, aliyemaliza shule mwaka jana na bado anazungusha maombi ya kazi, alikuwa akija kituoni kila asubuhi na kukaa kwenye benchi la mapokezi, benchi la zamani lililoinuka, akilikalia miguu yake haikufika chini, ikabaki inaning'inia. Alipita kwa kila afisa mpaka akaishia kwa Inspekta, ambaye wenzake walimwita Mama Tochi kwa sababu humulika vitu kwa tochi hata jua likiwa utosini. Maneno ya binti yalikuwa yaleyale: “Afande, baba hakumgonga yule mzee.” Inspekta alimuuliza anajuaje. Anajua tu. Akamuuliza, kama si baba, ni nani? Hapo binti aliangalia viatu vyake na kunyamaza, na Inspekta akaelewa, au alidhani ameelewa, kwamba mtoto anamwogopa tajiri.

Na huyo tajiri alikuwa ananuka hatia. Alipoulizwa kwa simu alikuwa wapi jioni ile, alisema alikuwa kwenye kikao, akakata. Alikuwa na haraka isiyo ya kawaida ya kuliondoa gari mikononi mwake. Kumwendea mtu wa aina hiyo mikono mitupu ni kujitafutia uhamisho, na Inspekta hakuwa na kitu chochote zaidi ya machozi ya binti. Kilichobaki bila kuhojiwa kilikuwa gari. Nalo, kwa mujibu wa mwenye yadi, lilikuwa na mteja mwingine aliyesema angekuja na fedha kabla ya adhuhuri.

Mwenye yadi alikuja akiwa amevaa viatu vyeupe. Katika uwanja uliolowa mafuta ya injini, viatu vile vilikuwa vyeupe kabisa, ndiyo maana wauzaji wenzake walimpa jina la Msafi. Aliwapa mikono, akamwita Inspekta “dada yangu,” akaanza kusifia. Gari lilikuwa la mtu mmoja tu, mtu mzima, mtaratibu. Halijawahi kukwaruzwa hata na mwiba. Liliendeshwa kutoka nyumbani kwenda ofisini na kurudi, basi.

Inspekta aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

“Mbona injini ina moto?”

“Nimelisogeza kidogo kutoka kule nyuma, dada yangu.”

“Shemeji, sikiliza ujifunze. Gari unalotaka kununua ulikute limelala. Injini ikiwa baridi ndipo inasema ukweli, itagugumia, itatoa moshi, itagonga. Huyu ameshaiamsha na kuinywesha chai.”

Msafi alicheka, ingawa si sana. Alikuwa ametambua kwamba mteja wake ni yule kijana mwenye meno nje na adui yake ni huyu mwanamke mwenye tochi.

Kabla ya kuhamia upelelezi wa mauaji, Inspekta aliwahi kukaa miaka kwenye kikosi cha magari ya wizi, na kazi ile ilikuwa haijamtoka mwilini. Alichuchumaa mbele ya gari, akafunga jicho moja na kuangalia mwanya kati ya boneti na ubavu. Upande wa kushoto mwanya ulikuwa mwembamba na sawasawa mpaka mwisho. Upande wa kulia ulianza mwembamba, ukaishia mpana kiasi cha kupitisha kidole. Akatoa kisumaku cha mlango wa friji alichokibeba mkobani, akakipachika kwenye mlango, kikashika. Akakipachika kwenye ubavu wa mbele kulia, kikateleza na kuanguka. Chini ya rangi ile hapakuwa na chuma, palikuwa na puti, lile rojo la mafundi la kuzibia mabonyeo.

“Hata na mwiba, eh?” shemeji yake alisema.

“Pengine alikwaruza geti,” alisema Msafi. “Mimi gari nimeletewa hivyo.”

Akafungua boneti. Hapo tochi ilifanya kazi yake. Boliti za kiwandani hupakwa rangi pamoja na bodi, na spana ikizigusa, rangi hubanduka pembeni. Upande wa kushoto zilikuwa hazijaguswa tangu gari lizaliwe. Upande wa kulia zote zilikuwa zimevuliwa na kuvikwa tena, na mbili hazikuwa hata za gari hilo. Taa ya kulia ilikuwa mpya, ya kushoto ilikuwa imeanza kufifia. Yote haya yalimwambia Inspekta kitu alichokijua tayari, kwamba gari liligonga ukuta kwa upande wa kulia. Hayakusema nani alishika usukani. Aliangalia simu yake. Asubuhi ilikuwa inakimbia, naye alikuwa bado anahesabu boliti.

Akaingia ndani upande wa dereva. Kulinukia manukato makali ya kuning'iniza kwenye kioo, yale ambayo muuzaji huweka ili pua yako isifanye kazi. Aliinua kapeti, chini kukavu. Akagonga katikati ya usukani kwa ukucha. Mlio ulikuwa mkavu, kama wa kopo tupu. Mfuko wa hewa ulikuwa umeshapasuka siku ile, na mafundi walifunika shimo kwa kifuniko cha bandia, chini yake hamna kitu. Shemeji alipoelezwa hilo, aliacha kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu aamke.

“Na mikanda?” Inspekta alimuuliza Msafi. “Mmebadilisha?”

Swali hilo lilimfurahisha Msafi, kwa sababu angalau lilikuwa na jibu la kweli. Hapana, mikanda ni yake yenyewe. Mikanda ya gari hili ni ya rangi ya maziwa, imeshonwa kuendana na siti, na mahali pa kuipata hapajulikani. Ukiweka mweusi, mteja anajua palepale. Kwa hiyo mafundi walitengeneza mashine yake tu, ile inayovuta, na kitambaa wakakiacha. Wamekifua, wamekipiga pasi.

“Mmefanya vizuri,” alisema Inspekta, na safari hii alikuwa anamaanisha.

Aliuvuta mkanda wa dereva wote, mpaka ukagoma. Mnunuzi mwenye akili huuvuta hivyo kuangalia kama umechanika au una doa. Yeye alikuwa anatafuta kitu kingine. Gari likigonga kwa nguvu, mkanda hukaza ghafla juu ya mtu, na ile plastiki iliyo kwenye ulimi wa bakoli, kile kichuma cha kufungia, huyeyuka kidogo na kuacha mstari unaong'aa juu ya kitambaa, pale pale ulimi ulipokuwa. Sabuni haiutoi, na pasi ndiyo kwanza huulainisha. Alimulika taratibu, sentimita kwa sentimita, akauona. Mstari mwembamba, umekaa karibu na mwisho wa chini wa mkanda.

Akajifunga. Yeye ni mwanamke wa mwili wa wastani, aliyezaa na kushiba. Mstari ulimwangukia juu ya paja, haukufika hata kiunoni, achilia mbali bakoli. Aliyefungwa na mkanda huu siku ile alikuwa mwembamba kuliko yeye, tena sana. Bonge angeuhitaji mkanda huu mara mbili.

Tajiri wa vifaa vya ujenzi alikuwa mtu mwembamba, mrefu, suti zake zilimning'inia. Inspekta alijizuia asicheke mbele ya watu. Alimwambia Msafi kwamba wangependa kulijaribu barabarani, shemeji ataendesha, yeye atakaa kushoto kwake. Msafi akapanda nyuma haraka ili wasije wakapotea nalo.

Alipojifunga mkanda wa abiria, alikuwa tayari anajua cha kutafuta. Mstari wa huku ulikuwepo pia. Ila huu haukuangukia pajani. Ulikuwa umepita bakoli kwa mbali na kupanda kifuani kwake, karibu na bega. Mtu aliyekaa hapa alikuwa na tumbo la kujaza siti. Bonge alikuwa abiria. Bonge alikaa kushoto, mtu mwembamba akaendesha, na baada ya ajali Bonge akazunguka kwenda kusimama upande ambao hakuwa ameketi.

Inspekta alishika simu kutafuta namba ya mwendesha mashtaka. Alishaanza hata kuyapanga maneno, na katika maneno hayo tajiri alikuwa tayari ana pingu. Gari likatoka getini kimyakimya, likapita karakana ya vyuma na maduka ya rangi. Shemeji aliendesha ameshikilia usukani kama trei ya glasi. Walipofika kwenye kona ya kwanza, alitaka kukata kulia, akapeleka mkono kwenye kijiti, na waipa zikaanza kufagia kioo kikavu.

“Ala,” alisema, akainamisha macho kutafuta alichokosea. Gari likasogea upande. Mwendesha baiskeli aliyekuwa pembeni akapiga kengele na kuwatukana wazazi wao.

“Macho mbele,” alisema Inspekta.

“Samahani. Gari langu indiketa iko kulia. Hili wameiweka kushoto, huku kulia ni waipa.”

“Kila mtu hufanya hivyo mwanzoni, bosi,” Msafi alisema kutoka nyuma, kwa ukarimu. “Magari yetu haya mengine yote ni kulia. Hili unalizoea baada ya wiki.”

Inspekta aliiweka simu pajani.

Jana alikuwa amekwenda kuongea na fundi viatu anayekaa kwenye kona ile ya ajali. Mzee huyo hakuona uso wa mtu, alikuwa ng'ambo na jua lilikuwa linampiga machoni. Lakini alisema jambo ambalo askari wa barabarani walilicheka mpaka wakamuuliza amekunywa nini. Alisema gari lilikuja huku waipa zinacheza, na siku hiyo mvua haikunyesha. Inspekta hakumcheka, ila hakujua pia aiweke wapi habari ile. Sasa alijua. Aliyeshika usukani alikuwa anakata kona, akatafuta indiketa, akapata waipa, akashtuka, akainama kuangalia, na katika kuinama huko fundi cherehani alikuwa katikati ya barabara.

Tajiri alikuwa na gari hili miaka yote. Wikiendi aliliendesha mwenyewe. Mkono wake ulilijua kama unavyojua njia ya mdomoni. Asingekosea kijiti.

“Rudi,” alimwambia shemeji yake.

“Mbona mapema? Hata gia sijazisikia.”

“Rudi, shemeji.”

Walirudi yadini. Inspekta alikuwa ameanza kuudhika na kila mtu, na zaidi na nafsi yake, kwa jinsi alivyokuwa amemfunga pingu mtu kichwani mwake kabla ya kumaliza kukagua. Kwenye kikosi cha magari ya wizi walikuwa wakimfundisha kwamba ukishagundua kasoro unayoitafuta, usisimame, kwa sababu ya pili ndiyo iliyojificha. Mke wa tajiri haendeshi. Watoto wake wako mbali. Nani mwembamba, asiyelizoea gari, ambaye Bonge angekubali kufungwa kwa ajili yake? Swali lilikuwa rahisi kuliko alivyotaka liwe, na hakulitazama moja kwa moja.

Gari lilipozimwa, alimwambia shemeji yake abaki ndani na kubonyeza kila kitufe anachokiona. Gari la kifahari ni vitufe, na kila kisichofanya kazi kitamtoa machozi baadaye. Shemeji alifurahi kupewa kazi. Vioo vikashuka na kupanda, pazia la nyuma likanyanyuka, siti ikapata joto. Kisha akafika kwenye vitufe vya mlangoni vyenye namba.

“Hivi navyo?”

“Hivyo ni kumbukumbu ya siti, bosi,” alisema Msafi, akiona nafasi ya kuuza. “Kila anayeliendesha anaweka ukaaji wake. Ukibonyeza namba yako, siti inakuja yenyewe kama unavyoipenda. Hatujazifuta bado za mwenyewe.”

Shemeji akabonyeza cha kwanza. Siti ikarudi nyuma mpaka mwisho, ya mtu mwenye miguu mirefu. Huyo tajiri. Akabonyeza cha pili. Siti ikashuka, mgongo ukalala, usukani ukanyanyuka kulipisha tumbo ambalo shemeji hakuwa nalo. Huyo Bonge, na shemeji mtu akajipapasa kitambi cha kuwazia, akacheka.

Akabonyeza cha tatu. Siti ilianza kwenda mbele na haikusimama. Ilipanda huku inakwenda, ikamsukuma, magoti yakagota chini ya usukani, kichwa kikakaribia dari.

“Shemeji, inaniua hii! Hapa alikuwa anakaa nani, mtoto?”

Inspekta alikuwa amesimama kwenye mlango uliofunguliwa, tochi mkononi inawaka bila kumulika kitu. Alikuwa anaiona miguu inayoning'inia kwenye benchi la kituoni.

Alijitenga hadi nyuma ya malori, akapiga simu mapokezi. Aliambiwa ndiyo, binti yupo, amekaa palepale. Akaomba aletwe yadini kwa gari la doria, taratibu, asiulizwe lolote njiani. Baada ya hapo hakuweza kutulia. Alitembea kutoka kwenye malori hadi getini na kurudi, akamkatalia Msafi soda, akamwambia shemeji yake ashuke na aende akasimame mbali. Yule mteja mwingine alifika na begi lake. Inspekta alimwonyesha kitambulisho, akamwambia gari hili haliuzwi leo wala kesho. Msafi akatazama kitambulisho, akatazama gari, na viatu vyake vyeupe vikarudi nyuma moja kwa moja hadi ndani ya dimbwi la mafuta.

Binti alishuka kwenye gari la doria amekumbatia mkoba wake. Alipoiona sedani alisimama. Halafu akaja, bila kusukumwa na mtu.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba, mwanangu. Kabla hujasema chochote nataka unielewe vizuri. Hulazimiki kusema. Ukisema, nitaandika, na kitasomwa mahakamani. Ukitaka wakili, nitasubiri. Umenielewa?”

“Nimeelewa.”

“Naomba ukae kwenye kiti cha dereva. Ukikataa pia ni haki yako.”

Binti aliketi. Siti ilikuwa imerudishwa nyuma, naye akapotelea humo, miguu hewani. Alivuta mkanda bila kuambiwa, akajifunga. Inspekta aliinama na kumulika. Mstari unaong'aa uliingia ndani ya ulimi wa bakoli na kutoweka, kama vile haujawahi kuwepo. Kisha akanyoosha mkono mlangoni na kubonyeza kitufe cha tatu.

Siti ikaanza kutembea. Shemeji yake alikuwa amepigana nayo, lakini binti huyu hakushtuka. Alinyanyua viwiko kidogo kuupisha usukani, kama mtu anayejua unashukia wapi, na siti iliposimama, nyayo zake zilikuwa juu ya pedali na macho yake juu ya dashibodi. Alikaa sawa kabisa, kama aliyepimwa. Inspekta aliumia kuona jinsi alivyokaa vizuri.

“Baba ndiye aliyeniwekea,” binti alisema. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye kioo. “Nilijifunzia gari la shule ya udereva, bovu, kiti hakisogei, nilikuwa nakalia mto. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa udereva. Baba akasema nisiende kwa watu nikiwa sijawahi kushika gari zuri. Akimshusha bosi jioni, ananipitia. Siku ya kwanza alikaa humu muda mrefu anapandisha na kushusha, ananiuliza unaona mbele, unafika breki. Halafu akabonyeza, akasema sasa linakujua.”

“Siku ile nani alikuwa anaendesha?”

Binti alivuta pumzi, na ilipotoka ilitoka na sauti.

“Mimi. Nilitaka kuweka indiketa. Mkono ukaenda kulikozoea. Waipa zikawaka, nikaangalia chini. Nilipoinua macho yule mzee alikuwa hapa.” Aligusa kioo. “Baba alinitoa nje, akaniambia nikimbie nyumbani, na akaniapisha nisimwambie mtu. Nikakimbia, afande. Nilimwacha yule mzee chini nikakimbia.”

Alilia kwa muda, bado amefungwa mkanda, na Inspekta akamwachia alie. Alitaka kumwekea mkono begani. Aliwaza kwamba mkono huohuo ndio utakaoandika maelezo, akauweka hata hivyo.

“Kwa nini hukusema siku ya kwanza ulipokuja?”

“Niliapa. Nikaona nikikaa pale kwenye benchi kila siku, mtu ataniuliza. Wote mliniuliza baba alikuwa wapi, tajiri alikuwa wapi. Hakuna aliyeniuliza mimi nilikuwa wapi.”

Ilikuwa kweli. Inspekta alisogea hatua chache na kumpigia mwendesha mashtaka, aliyekuwa tayari kwenye korido ya mahakama. Alimweleza kwa kifupi: mikanda, waipa, siti, na maneno ya binti mwenyewe. Amwombe hakimu asisome adhabu. Anakuja na mtu.

Mwendesha mashtaka alishusha pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Alisema hii ni habari njema sana, kwamba Bonge yuko palepale mbele yake kwenye benchi la washtakiwa, kama afande anataka amfikishie sasa hivi. Amwambie nini?

Inspekta alimtazama binti kupitia kioo cha mbele. Alikuwa ameshafungua mkanda na anafuta usukani kwa kiganja, pale machozi yalipodondokea, kwa uangalifu wa dereva anayerudisha gari la watu. Bonge angetoka leo. Asingemsamehe Inspekta kwa hilo mpaka anaingia kaburini, na Inspekta alijua kwamba angekuwa yeye, na mtoto ni wake, naye asingesamehe.

“Usimwambie kitu,” alisema. “Ngoja nije nimwambie mimi, uso kwa uso.” Kisha akabadili mawazo, kwa sababu baba yule alistahili kupata muda kidogo wa kujiandaa. “Au mwambie hivi tu. Mwambie binti yake yuko njiani.”